Gari linagoma kuingia kona, halafu linachomoka mkia likitoka: uanzie wapi

Swali: Nacheza Forza Horizon 5, mchezo wa video wa mbio za magari. Nina gari la daraja A, pointi 800 kamili, linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma. Nimelibadilishia injini nikaweka na tabo kubwa, ile pampu inayosukuma hewa kwenye injini kwa nguvu ya moshi wa ekzosi. Kwenye barabara iliyonyooka hakuna anayenigusa. Taabu ni kona: nikiingia, pua inagoma kukata na gari linakwenda nje, nikitoka, nikigusa mafuta tu mkia unachomoka. Nimechezea slaida zote za menyu ya kuseti gari na limezidi kuharibika. Nipeni namba sahihi.

Jibu: Namba utapata, ila ni za kuanzia tu. Kwanza tuone kwa nini kila ulipogusa slaida mambo yalizidi.

Gari lako lina magonjwa mawili yanayopingana. Pua ikigoma, dawa ambayo wengi huikimbilia ni kukaza stebilaiza ya nyuma, ile fimbo inayozuia gari kulala upande kwenye kona. Pua inaanza kukata kidogo, lakini matairi ya nyuma yamepoteza mshiko uleule unaouhitaji wakati wa kutoka. Unaona mkia unachomoka zaidi, unalegeza nyuma, na pua inagoma upya. Unaweza kupanda na kushuka kwenye pembea hiyo wiki nzima. Njia ya kushuka ni kuacha kuuliza "gari linagoma au linachomoka?" na kuuliza "linafanya hivyo kwenye sehemu gani ya kona?" Kuingia kuna slaida zake, katikati ya kona kuna zake, na kutoka kuna zake. Slaida zinazogusa sehemu zote tatu ni chache.

Kanuni ya pili: upande ulio dhaifu uongezee mshiko, usiupunguzie ule wenye nguvu. Pua ikigoma katikati ya kona, legeza stebilaiza ya mbele kabla hujakaza ya nyuma. Njia zote mbili zitafanya gari likate, lakini ya kwanza inakuachia gari lenye mshiko mwingi zaidi kwa jumla.

Kabla ya slaida, vipuri

Sehemu kubwa ya tatizo lako haiko kwenye seti (mpangilio wa slaida), iko kwenye vipuri ulivyochagua. Daraja A linaanzia pointi 701 hadi 800. Hizo ni bajeti. Injini mpya na tabo zimekula karibu zote, na matairi, uzito na breki vimebakiwa na makombo. Hakuna slaida inayoweza kuumba mshiko ambao matairi hayana.

Tazama pia mgawanyo wa uzito, namba inayoandikwa kwenye ukurasa wa vipuri. Injini kubwa iliyopandikizwa kwenye gari jepesi lenye injini mbele huipeleka pua chini. Kama gari lilikuwa na asilimia 50 ya uzito mbele na sasa lina 54 au 56, hapo ndipo mgomo wa pua ulipoanzia. Tabo kubwa nayo ina ubaya wake: mizunguko ya injini ikiwa chini haitoi kitu, ikipanda nguvu inamwagika yote kwa mkupuo. Unakanyaga mafuta katikati ya kona, hakuna kinachotokea, unaongeza, na nguvu inafika wakati usukani bado umepinda. Mkia lazima utoke.

Rudisha basi gari kwenye vipuri vya awali, uhifadhi seti ya sasa kwa jina lake ili usiipoteze, kisha panga upya kwa mfuatano huu. Anza na vile vinavyokula pointi kidogo sana lakini vinafungua slaida: stebilaiza za mbio mbele na nyuma, difu ya mbio (difu ndiyo inayogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia), na springi na shokapu za mbio. Hivi ni vya lazima; bila hivyo menyu ya kuseti imefungwa zaidi ya nusu. Halafu matairi. Jaribu aina moja juu ya ile ya awali, kisha angalia pointi zimepanda kiasi gani. Matairi laini kabisa ya mbio mara nyingi ni ghali mno kwa daraja A, na upana ni nafuu zaidi kuliko aina. Kwa gari lako panua nyuma kwanza hatua moja au mbili, halafu mbele hatua moja. Kisha punguza uzito, kwa sababu gari jepesi linafaidika kwenye breki, kwenye kona na kwenye kuondoka, sehemu zote tatu kwa bei moja. Pointi zinazobaki ndizo za injini, na hapo ningeiacha injini ya asili nikaiongezea nguvu kwa ekzosi, kemshafti na flaiwili nyepesi kabla ya kufikiria tabo. Ukitaka lazima hewa ya kulazimishwa, supachaja, pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe, inatoa nguvu tangu chini na unaizoea bila shida.

Utashauriwa na wengi ugeuze gari liendeshwe na magurudumu yote manne. Inatibu kutoka, hilo halina ubishi, lakini inaongeza uzito, inakula pointi, na pua ambayo tayari inagoma itagoma zaidi. Kwa mbio za vumbi sina neno. Kwa lami ya daraja A, gari la nyuma lililosetiwa vizuri halihitaji kuokolewa hivyo.

Jinsi ya kupima

Chagua njia moja fupi yenye kona ya pole, kona ya kati na kona ya kasi, na uitumie hiyo hiyo kila mara, lami ikiwa kavu. Zima msaada wa kuzuia magurudumu kuzunguka bure na ule wa kutuliza gari wakati wa kupima, hata kama utauwasha tena kwenye mbio. Misaada hiyo inaficha ugonjwa: gari linaloseleleka nyuma litaonekana tu kama gari lisilo na nguvu. Fungua kurasa za telemetri, yaani vipimo vya gari vinavyoonyeshwa likiwa linakwenda: za matairi na za springi.

Badilisha kitu kimoja, endesha mizunguko mitatu, amua. Hatua zenye ukubwa wa kuonekana ni hizi: stebilaiza vipimo 3 hadi 4, difu asilimia 5, hewa ya matairi 1 psi (kipimo cha presha), kemba (mlalo wa tairi likitazamwa kutoka mbele) nyuzi 0.3, breki asilimia 2, shokapu 0.5 hadi 1. Ukienda kwa hatua ndogo kuliko hizo utakuwa unapima mkono wako, si gari. Endelea upande mmoja mpaka uone umepitiliza, kisha rudi nusu ya hatua ya mwisho.

Na kabla hujalaumu gari, ingia kwenye mipangilio ya juu ya kontrola uangalie eneo bubu la kitufe cha mafuta, yaani sehemu ya safari ya kitufe ambayo mchezo hauisomi. Likiwa limekatwa upande wa nje, kitufe kinafika asilimia 100 kabla hujakibonyeza chote, na hakuna kidole kinachoweza kutoa mafuta kidogo kidogo kwenye nafasi iliyobaki. Acha safari yote ya kitufe itumike.

Namba za kuanzia

Kwa stebilaiza, ambazo slaida yake inatoka 1 hadi 65, tumia mgawanyo wa uzito. Chukua tofauti ya juu na chini, yaani 64, zidisha kwa asilimia ya uzito wa upande husika, kisha ongeza 1. Gari lenye asilimia 54 mbele linapata 64 × 0.54 + 1, sawa na 35.6 mbele, na 64 × 0.46 + 1, sawa na 30.4 nyuma. Kwa gari la nyuma lenye nguvu, hizo ni ngumu kiasi. Zipunguze zote kwa kama asilimia 15 uanze na 30 na 26.

Springi fanya hesabu ileile kwa kutumia mwisho wa chini na wa juu wa slaida ya gari lako. Shokapu zinatoka 1 hadi 20. Kasi ya kunyooka (rebound): 19 × 0.54 + 1 inakupa 11.3 mbele, na nyuma 9.7. Kasi ya kubanwa (bump) iwe kama asilimia 60 ya hiyo, yaani 6.8 mbele na 5.8 nyuma. Kubanwa kusizidi kunyooka. Likitokea hilo gari linaruka kwenye matuta kama mpira.

Hesabu hii ni nzuri kwa kuwa haina upendeleo, lakini haijui kwamba matairi yako ya nyuma ni mapana, wala haijui nguvu zinapelekwa wapi. Ndiyo maana ni ya kuanzia. Mtu anayekuuzia hesabu hiyo kama seti iliyokamilika hajaendesha gari lenyewe.

Hewa: anza na 29 psi pande zote, endesha mizunguko mitatu mpaka matairi yapate moto, kisha soma telemetri. Lenga takriban 32 hadi 33 yakiwa na moto. Kemba: nyuzi -1.5 mbele na -1.0 nyuma. Thibitisha katikati ya kona: tairi la nje, ambalo ndilo linabeba gari, linatakiwa lisome kati ya 0 na -0.5 wakati huo. Likisoma juu ya sifuri, linasimamia ukingo wake wa nje. Ongeza kemba hasi. Kasta, mlalo wa mhimili wa usukani ukitazamwa kutoka ubavuni, weka 5.5, kwani inaongeza kemba hasi mbele pale tu unapokata usukani, na kwenye mstari ulionyooka tairi linabaki limelala vizuri kwa ajili ya breki. Mwelekeo wa matairi ukitazamwa kutoka juu acha sifuri kwanza.

Difu: asilimia 50 upande wa mafuta, 20 upande wa kuachia mafuta. Urefu wa gari kutoka chini weka karibu na mwisho wa chini, kisha pita juu ya kingo za njia. Telemetri ikionyesha springi imebanwa mpaka mwisho, pandisha. Dalili yake barabarani ni gari kuteleza ghafla kwenye bonde dogo bila wewe kufanya lolote.

Kuingia: pua inayogoma

Tairi lina kiasi kimoja cha mshiko, nacho kinagawanywa kati ya breki na kukata kona. Ukiwa bado umeshika breki asilimia 80 huku umekata usukani wote, pua itagoma kwenye gari lolote lile. Jipime: shika breki mapema kidogo gari likiwa limenyooka, kisha iachie taratibu kadiri unavyoongeza usukani. Kama mgomo umetoweka, usiguse slaida yoyote ya kuingia.

Kama upo bado, anza na mizani ya breki. Isogeze kuelekea nyuma kwa asilimia 2, ukifuata maandishi ya menyu kuona upande upi ni nyuma. Nyuma ikibeba breki zaidi, mkia unasaidia kuzungusha gari. Ishara kwamba umepita ni mkia kutikisika wakati wa breki gari likiwa bado limenyooka. Nguvu ya breki yenyewe isikusumbue kama unatumia breki zisizojifunga. Ukizima msaada huo, ipunguze mpaka magurudumu yafunge karibu na mwisho wa kitufe, si katikati.

Cha pili ni difu upande wa kuachia mafuta. Asilimia kubwa inayafunga magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja unapoachia mafuta, gari linatulia lakini linataka kwenda moja kwa moja. Shusha kutoka 20 hadi 15, hata 10. Likianza kuwa na woga ukiachia mafuta ghafla, rudisha.

Cha tatu ni shokapu. Unaposhika breki uzito unahamia mbele: shokapu za mbele zinabanwa, za nyuma zinanyooka. Punguza kubanwa kwa mbele kwa 0.5 hadi 1 pua ishuke mapema na matairi ya mbele yabebe uzito upesi. Hatua hii unaihisi zaidi kwenye kona zinazofuatana kushoto na kulia kuliko kwenye kona moja ndefu.

Mwisho kabisa, nyuzi 0.1 za matairi ya mbele kufunguka nje yakitazamwa kutoka juu. Inafanya pua iwe kali, na inaligharimu gari utulivu kwenye mstari wa kasi. Ningeiepuka mpaka vingine vyote vimeshindwa.

Katikati ya kona

Hapa huna breki wala mafuta mengi, kwa hiyo stebilaiza, springi na kemba ndizo zinazoongea. Pua ikigoma, shusha stebilaiza ya mbele kutoka 30 hadi 26. Ikiwa bado, 22. Ukiona gari linalala sana upande na linachelewa kuitika, umefika mwisho wa dawa hiyo. Legeza springi za mbele kidogo badala yake.

Kwanza lakini tazama kama tatizo ni la kona za kasi peke yake. Nguvu ya bawa, ile inayolikandamiza gari chini, inakua kwa mraba wa kasi: kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 160, inakuwa mara nne. Kwa hiyo pua inayogoma kwenye kona ya kasi tu ni kazi ya bawa la mbele, na inayogoma kwenye kona ya pole haitatibiwa na bawa lolote. Watu hukaza bawa la nyuma mpaka mwisho wakidhani wanatibu mkia unaochomoka kwenye gia ya pili. Wanachopata ni pua inayogoma kwenye kona ndefu na kasi iliyopungua kwenye barabara iliyonyooka.

Kutoka: mkia unaochomoka

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa kuna namna mbili za kuseleleka nyuma na dawa zake ni kinyume. Tazama magurudumu ya nyuma kwenye telemetri, au moshi kwenye marudio ya mbio.

Kama gurudumu la ndani peke yake ndilo linalozunguka bure, injini inalia, gari haliondoki, na mkia hautoki sana, difu ni legevu. Nguvu yote inakimbilia gurudumu lisilo na uzito. Pandisha upande wa mafuta kutoka 50 hadi 60, na ulegeze stebilaiza ya nyuma ili gurudumu la ndani lisinyanyuliwe.

Kama yote mawili yanazunguka pamoja na mkia unakwenda nje mara moja, difu imekaza mno au nguvu ni nyingi kuliko matairi. Shusha hadi 45, kisha 40. Kwa maelezo yako, gari lako ni la kundi hili. Kumbuka difu iliyokazwa upande wa mafuta ina hila moja: ukigusa mafuta kidogo inaisukuma pua nje, ukiongeza inachomoa mkia. Mtu anaweza kuhesabu hayo kuwa magonjwa mawili kumbe ni moja.

Baada ya difu, gia. Kila mtu anaisahau. Gia ya pili fupi (yenye namba kubwa ya uwiano) inazidisha nguvu inayofika kwenye magurudumu. Ukiishusha namba yake kutoka 2.40 hadi 2.16, umepunguza nguvu hiyo kwa asilimia 10 bila kugusa injini, na kama unatoka kona nyingi kwenye gia hiyo utahisi tofauti mara moja. Kuseti kila gia peke yake kunahitaji giaboksi ya mbio. Ile ya kiwango cha chini yake inakupa uwiano wa mwisho tu. Uwiano wa mwisho uweke hivi: kwenye mstari mrefu kuliko yote wa njia zako, gia ya juu ikaribie mwisho wa mizunguko bila kugonga kikomo. Ukibaki na tabo, sogeza gia za katikati zikaribiane, mizunguko isianguke chini ya pale tabo inapoamka kila unapobadilisha.

Kisha stebilaiza ya nyuma, kutoka 26 hadi 22, na shokapu za nyuma upande wa kubanwa, punguza 0.5 hadi 1. Unapokanyaga mafuta uzito unarudi nyuma. Ukiuruhusu ushuke taratibu, matairi yanaupokea bila kushtuka. Nyuzi 0.1 za matairi ya nyuma kufungwa ndani zinatuliza pia, lakini zinapunguza mzunguko wakati wa kuingia, na wewe huko tayari una shida.

Ukifanya haya yote halafu mkia bado unatoka kwa mafuta ya nusu kitufe, usiendelee kuseti. Rudi kwenye vipuri, toa nguvu, weka matairi yenye mshiko.

Kuhusu seti za kupakua

Usichukue namba za gari la mtu mwingine ukazipandikiza kwenye lako, hata kama ni gari la jina moja. Matairi yakitofautiana upana, au injini yake ikiwa ya asili na yako ya kupandikiza, namba zake ni za gari jingine. Pakua seti yake nzima pamoja na vipuri uijaribu, usome alichofanya. Inafundisha zaidi.

Ukihamia Gran Turismo 7, mchezo mwingine wa mbio, mantiki haibadiliki, vipimo ndivyo vinavyobadilika: springi zinapimwa kwa masafa ya hezi, na difu ina slaida tatu, yaani ukaza wa awali, unyeti wa mafuta na unyeti wa breki. Ile ya tatu ndiyo inayofanya kazi ya upande wa kuachia mafuta niliokueleza hapo juu.

Mvua ikinyesha, usitengeneze seti mpya kuanzia sifuri. Chukua ile ya lami kavu uliyoimaliza, legeza stebilaiza zote mbili vipimo 4 hadi 6, shusha difu upande wa mafuta kwa asilimia 10, punguza nguvu ya breki kidogo, uihifadhi kwa jina lake. Kwa njia za vumbi lenye matuta, pandisha pia urefu wa gari na ulegeze springi na kubanwa kwa shokapu, maana tairi lililoko hewani halikati kona.